Kompyuta mbili, folda moja: kwa nini mashine za ofisi ndogo zimeanza kukataana

Kompyuta mbili zimekaa meza moja na kupeana mafaili kwa miaka kadhaa bila shida. Kisha siku moja asubuhi, mtu anafungua folda ya kompyuta ya kwanza akiwa kwenye ya pili, na anajibiwa kwamba hana ruhusa. Wakati mwingine anaulizwa jina na nenosiri ambavyo hakuna anayekumbuka kuviweka. Hakuna aliyegusa mpangilio wowote, waya uko palepale na intaneti inafanya kazi.

Wengi hudhani ni kirusi, au kwamba fundi wa mwisho aliharibu kitu. Mara nyingi si hivyo. Kampuni ya Microsoft, inayotengeneza Windows, imebadilisha namna kompyuta zinavyoaminiana, na mabadiliko hayo yaliingia kimyakimya kupitia masasisho ya mwaka 2024 na 2025. Yalikuwa na sababu nzito. Lakini mzigo wake umewaangukia zaidi wenye mashine za zamani, wenye mashine za mtumba na wasio na fundi wa kudumu. Katika makala haya tunaeleza nini kilibadilika, namna ya kutafuta tatizo hatua kwa hatua, na kwa nini njia rahisi kuliko zote ya kulimaliza ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote.

Linakuhusu hata kama huna kompyuta

Wengi wenu mnatusoma kwenye simu, na huenda hamna kompyuta nyumbani. Lakini karatasi zenu zinapita kwenye kompyuta za watu wengine. Fomu ya mkopo inachapwa steshenari ya pale senta. Barua ya kijana ya kuomba kazi inahifadhiwa hapohapo, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Orodha ya wanachama wa chama cha msingi, na kilo za korosho au pamba ambazo kila mmoja amepeleka ghalani, iko kwenye mashine ya karani. Alama za wanafunzi zinaandikwa na mwalimu wa taaluma kwenye kompyuta ya shule.

Sehemu kama hizi kwa kawaida hazina seva. Kunakuwa na kompyuta moja yenye printa, nyingine moja au mbili pembeni, na rauta ndogo au simu inayorusha Wi-Fi. Folda moja inafunguliwa ili wote waione, na kazi inaendelea. Hakuna aliyeajiriwa kuitunza. Siku folda hiyo inapojifunga, kazi inasimama. Mteja anaambiwa arudi kesho, na kurudi kesho maana yake ni nauli nyingine ya bodaboda.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Folda iliyo wazi kwa kila mtu humwezesha yeyote aliyeunganishwa na Wi-Fi ya duka kusoma, kubadilisha au kufuta kilichomo. Kwa mkulima, kilo zake kubadilishwa kwenye orodha ni jambo la fedha. Kwa mgonjwa, majibu yake ya vipimo kusomwa na mtu wa pembeni ni jambo la heshima yake.

Mlango wa mgeni ulivyofungwa

Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana mafaili inaitwa SMB. Ilianza kutengenezwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, wakati mtandao wa ofisi ulikuwa waya ndani ya jengo moja na kila aliyeunganishwa alijulikana kwa jina. Usalama haukuwa hoja kubwa. Lugha hiyo ilikua, ikaboreshwa, lakini toleo lake la kwanza liliendelea kubaki ndani ya kompyuta kwa miongo kadhaa.

Mei 12, 2017 dunia iliona gharama yake. Programu ya kudai fidia iliyopewa jina WannaCry ilisambaa kupitia udhaifu uliokuwa katika toleo hilo la zamani. Haikuhitaji mtu abofye chochote. Kompyuta moja ikiambukizwa, iliwagongea majirani zake kwenye mtandao na kuingia yenyewe. Ilifunga mafaili ya mwenye mashine na kumtaka alipe dola 300 kwa sarafu ya bitcoin ili afunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 ziliguswa. Huko England, hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Makadirio ya baadaye yalionyesha kwamba miadi ipatayo 19,000 ilifutwa.

La kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwepo. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo Machi 14, 2017, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha mashine zao walipona. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao zilikuwa za zamani mno, au ambazo hakuna aliyekuwa akizishughulikia.

Baada ya hapo Microsoft ilianza kufunga milango mmoja baada ya mwingine. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, lugha ile ya zamani haikuwekwa tena kwenye kompyuta mpya isipokuwa mwenyewe uiombe. Mwaka 2018 iliondolewa huduma ya HomeGroup, iliyokuwa imerahisisha kushirikiana mafaili nyumbani. Kisha, Oktoba 1, 2024, likatoka toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2, na humo mna mabadiliko mawili ambayo yamewagusa wengi wanaotumia matoleo kama Windows 11 Pro.

La kwanza linahusu mgeni. Zamani, kompyuta iliyogonga hodi bila nenosiri ingeweza kupokelewa kama mgeni na kuonyeshwa folda. Sasa Windows mpya haikubali kuingia mahali ambapo haiulizwi jina. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini kwenye mtandao mgeni asiye na jina anaweza kuwa yeyote, na hata mwenyeji mwenyewe anaweza kuwa tapeli aliyejifanya mwenyeji.

La pili ni saini. Kila ujumbe kati ya kompyuta hizo mbili sasa lazima uwe na alama inayothibitisha kwamba haukubadilishwa njiani. Alama hiyo hutengenezwa kwa kutumia siri ambayo pande zote mbili zinaijua, na siri hiyo inatokana na nenosiri. Mgeni hana nenosiri, kwa hiyo hawezi kutia saini. Ndiyo maana mabadiliko haya mawili yanakwenda pamoja.

Matokeo yake yanaonekana kwenye vifaa vya kawaida kabisa. Mashine ya fotokopi ya zamani iliyokuwa ikituma skani moja kwa moja kwenye folda inaweza kugoma. Rauta yenye tundu la USB, iliyokuwa ikitumika kama ghala la mafaili, inaweza kukataliwa. Na ujumbe unaotokea kwenye skrini haumsaidii mtu. Mmoja wao unasema kwamba sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni wasiothibitishwa. Mwenye steshenari anaposoma hivyo anashangaa, kwa maana hana taasisi wala sera. Sera hiyo imewekwa na Microsoft, na kompyuta haimwambii hivyo.

Kompyuta zenye kitambulisho kimoja

Kuna tatizo jingine jipya, na hili linawahusu sana wanaonunua kompyuta zilizotumika kwa mafungu, kama shule, vyama na ofisi ndogo.

Kila Windows inapowekwa kwenye mashine hujitengenezea namba ndefu ya utambulisho, kama vile raia anavyopewa namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hii inaitwa SID, na haifai kufanana kati ya mashine mbili. Lakini kuweka Windows na programu zote kwenye kompyuta 20 ni kazi ya siku kadhaa. Fundi anayetaka kuokoa muda huandaa moja vizuri, kisha ananakili diski yake yote kwenye zile 19. Zinatoka zote sawasawa, tayari kwa kazi. Tatizo ni kwamba zinatoka pia na namba moja ya utambulisho.

Microsoft ina programu ya kufuta namba hiyo kabla ya kunakili, inayoitwa Sysprep, na siku zote imesema hiyo ndiyo njia inayokubalika. Ila wengi waliiruka na hawakuona madhara. Mwaka 2009 mhandisi wa Microsoft, Mark Russinovich, aliandika kwamba hofu ya namba kufanana ilikuwa imekuzwa kuliko ukweli wake, na kampuni ikaacha kutoa programu yake ndogo ya NewSID iliyokuwa ikibadilisha namba hizo. Kwa miaka mingi, basi, mafundi waliendelea kunakili bila wasiwasi.

Mambo yaligeuka mwaka 2025. Katika masasisho yaliyotolewa kuanzia Agosti 29, 2025, Windows 11 za matoleo ya 24H2 na 25H2 zilianza kukagua namba hizo zinapothibitishana. Zikikuta namba ya mwenzake ni sawa na yake, zinakataa. Unaandika jina sahihi, unaandika nenosiri sahihi, na bado unaambiwa umekosea. Unaweza kubadilisha nenosiri mara kumi bila kufika popote, kwa sababu nenosiri halikuwa tatizo.

Kuna namna rahisi ya kupima. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta ya kwanza, andika whoami /user, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Itatokea namba ndefu inayoanza na herufi S, yenye vistari katikati. Fanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya pili. Acha kipande cha mwisho baada ya kistari cha mwisho, linganisha vilivyobaki. Vikifanana tarakimu kwa tarakimu, mashine hizo ni pacha. Suluhisho la kudumu ambalo Microsoft inalitambua ni kuiweka Windows upya kwa njia sahihi. Ni kazi ya nusu siku kwa kila mashine, baada ya kuhamisha mafaili yote kwenye diski ya pembeni. Kwa shule yenye kompyuta 20, hiyo ni gharama ya kweli.

Vitasa viwili kwenye mlango mmoja

Tatizo la tatu ni la zamani, na ndilo linalowachanganya hata mafundi wazuri. Folda inayoshirikiwa kwenye Windows ina vitasa viwili, si kimoja.

Kitasa cha kwanza ni cha mlango wa nje. Kinasema nani anaweza kuifikia folda kupitia mtandao. Kwenye mashine nyingi, ukibofya folda kwa kitufe cha kulia na kuangalia sifa zake, kitasa hiki kiko kwenye kichupo kilichoandikwa "Sharing". Kitasa cha pili ni cha chumba chenyewe. Kinasema nani anaweza kusoma au kubadilisha mafaili, hata akiwa ameketi mbele ya kompyuta hiyohiyo. Hicho kiko kwenye kichupo cha "Security".

Anayekuja kupitia mtandao lazima avifungue vyote viwili, na kile kilicho kikali zaidi ndicho kinachoshinda. Tuchukue mfano. Karani amemruhusu mhasibu kwenye mlango wa nje asome na kubadilisha. Lakini kwenye kitasa cha chumba, mhasibu ameandikwa kuwa msomaji tu. Mhasibu ataifungua orodha ya wanachama, ataisoma yote, ataongeza jina jipya, na atakapotaka kuhifadhi atakataliwa. Karani akirudi kwenye kichupo cha kwanza ataona kila kitu kiko sawa, na atabaki akijiuliza.

Kuna jambo dogo hapa linalosumbua watu kila siku. Faili linalonakiliwa kwenye folda huchukua ruhusa za folda hiyo. Lakini faili linalohamishwa kutoka folda nyingine kwenye diski hiyohiyo kwa kawaida hubaki na ruhusa zake za zamani. Ndiyo maana ndani ya folda moja, mafaili tisa yanafunguka na la kumi linagoma. Mara nyingi dawa ni kulinakili faili hilo upya kutoka kwenye mashine lilipo, kisha kufuta lile la mwanzo.

Pa kuanzia kabla ya kumwita fundi

Ikiwa wewe au kijana wako mnashughulika na kompyuta za namna hii, tunashauri kufuata mpangilio ufuatao. Unaanza na vitu vyepesi.

Kwanza, hakikisha mashine zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja na hazijalala. Kompyuta moja ikiwa kwenye Wi-Fi ya rauta na nyingine kwenye simu ya mtu, hazitaonana. Baadhi ya rauta pia zina Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa makusudi huzuia vifaa visionane. Kumbuka vilevile kwamba umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kuzipa kompyuta namba mpya za mtandao. Kama ulikuwa ukiifikia folda kwa kuandika namba, itakuwa imepotea. Tumia jina la kompyuta, au mwambie fundi aifungie namba isibadilike.

Pili, angalia kama Windows inautambua mtandao huo kuwa wa umma au wa binafsi. Ikiuona ni wa umma, kama ule wa stendi au hotelini, hujificha na kufunga folda zote. Kwa mtandao wa nyumbani au wa ofisi yako chagua wa binafsi. Usifanye hivyo kwenye Wi-Fi usiyoijua.

Tatu, fungua akaunti yenye jina na nenosiri kwenye kompyuta yenye folda. Hapa ndipo wengi hukwama. Windows kwa kawaida haimruhusu mtu asiye na nenosiri kuingia kupitia mtandao, hata kama akaunti yake ipo na inafanya kazi mezani. Ile namba fupi ya siri, PIN, unayoiandika kila asubuhi, haitambuliki nje ya mashine yenyewe. Kwenye mtandao unahitaji nenosiri kamili. Na kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina lako ni barua pepe na nenosiri ni la akaunti hiyo.

Nne, kagua vile vitasa viwili. Andika majina ya wanaohusika, na kila mmoja umpe kiasi anachohitaji. Anayesoma tu asipewe uwezo wa kufuta.

Tano, jaribu kwa simu. Programu nyingi za kusimamia mafaili kwenye simu za Android zinaweza kuifikia folda ya kompyuta. Zima bando, unganisha simu kwenye Wi-Fi ileile, andika jina la kompyuta au namba yake, kisha jina na nenosiri la akaunti uliyofungua. Simu ikiingia na kompyuta ya pili ikikataliwa, basi yenye folda haina kosa. Angalia hiyo ya pili. Inaweza kuwa imehifadhi nenosiri la zamani, au ndiyo pacha tuliyoieleza hapo juu.

Sita, soma namba ya kosa iliyoandikwa kwenye skrini na uipige picha. Namba 0x80070035 maana yake ni kwamba kompyuta haikuipata njia, kwa hiyo rudi hatua ya kwanza na ya pili. Namba 0x80070005 maana yake ni kwamba imefika lakini imenyimwa ruhusa, kwa hiyo rudi hatua ya tatu na ya nne. Picha hiyo pia itamwokolea fundi muda, nawe itakuokolea fedha.

Njia ya mkato na bei yake

Fundi mwenye haraka ana dawa tatu za dakika tano. Anaweza kurudisha ile lugha ya zamani ya SMB. Anaweza kubadilisha mpangilio ili wageni wasio na jina wakubaliwe tena. Au anaweza kuweka neno "Everyone", yaani kila mtu, kwenye vitasa vyote viwili na kuwapa wote uwezo wote. Folda itafunguka palepale, mwenye duka atafurahi na fundi atalipwa.

Tunazielewa sababu za kufanya hivyo. Foleni iko nje, mteja anataka fomu yake. Lakini dawa ya kwanza inarudisha mlango uleule ambao WannaCry ilipitia. Ya pili inaiacha kompyuta yako iamini mashine yoyote inayojitangaza kuwa ya ofisi. Ya tatu inampa kirusi kitakachoingia kwenye mashine moja nafasi ya kufunga mafaili ya mashine zote. Kwenye steshenari, ambako kila siku huchomekwa flashi za wateja wasiojulikana zilikotoka, hilo linaweza kutokea siku yoyote.

Wengine wameamua kuachana na mtandao na kurudi kwenye flashi. Wanachapa hapa, wanachomoa, wanachomeka kule. Tatizo ni kwamba baada ya mwezi kunakuwa na orodha tatu za wanachama, na hakuna anayejua ipi ndiyo ya mwisho. Flashi pia hupotea, na inapopotea huondoka na taarifa za watu.

Hapo sheria nayo inaingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao za kulinda data mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya zinapewa uzito wa pekee. Karani anayeacha orodha ya wanachama wazi kwa Wi-Fi nzima hawezi kujitetea kwa kusema fundi ndiye aliyeweka hivyo.

Nani anabeba mzigo

Kwa maoni yetu, Microsoft ilifanya sahihi kufunga mlango wa mgeni. Kilichotokea mwaka 2017 kilikuwa onyo la kutosha. Tunachokitilia shaka ni namna ulivyofungwa, na nani aliachwa nje.

Ofisi kubwa ina wataalamu wanaosoma matangazo ya kampuni miezi kadhaa kabla na kujiandaa. Duka la senta halina. Kwake, sheria mpya ilifika kama kosa kwenye skrini, kwa Kiingereza, likizungumzia sera ya taasisi isiyokuwepo. Sheria hiyo inamtaka mwenye duka ajue kutofautisha akaunti, nenosiri, PIN na aina mbili za ruhusa, na hakuna aliyemfundisha.

Wakati huohuo anasukumwa kutoka upande mwingine. Windows 10, ambayo bado inaendesha mashine nyingi, iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025. Windows 11 inakataa kompyuta nyingi za zamani: inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Microsoft ilitoa muda wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026, kwa masharti: kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, au kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti ya mtandaoni. Wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa muda huo bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio, baada ya watetezi wa walaji wa huko kupaza sauti. Wanaachiwa tu wajibu wa kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Huku kwetu hatukupewa unafuu huo.

Somo ni kwamba masharti haya yanaweza kujadiliwa. Ulaya walijadiliana kwa sababu walaji wao wana chombo cha kuwasemea. Serikali na tume zetu za taarifa binafsi, ambazo zina haki ya kudai taarifa za raia zilindwe, zina haki pia ya kuyauliza makampuni kwa nini ulinzi huo ni wa bure kwa mmoja na wa masharti kwa mwingine.

Kwa sasa, yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri mtu. Ukinunua kompyuta ya mtumba, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: inaweza kupokea Windows 11, na Windows iliyomo iliwekwaje, upya au kwa kunakili diski? Mashine isiyofaa tena kwa Windows inaweza kuwekewa mfumo wa bure wa Linux, na kupitia programu ya Samba ikaendelea kupeana mafaili na kompyuta za Windows kwa jina na nenosiri kama kawaida. Na chochote utakachofanya, weka nakala ya mafaili muhimu kwenye diski ya pembeni, kisha ichomoe na kuifungia kabatini. Kirusi hakiwezi kufikia diski ambayo haijachomekwa.

Kwa wewe uliye upande wa pili wa kaunta, una haki ya kuuliza. Faili langu mtalifuta lini? Nani mwingine anaweza kulifungua? Mwenye duka anayejua kujibu maswali hayo ndiye wa kumpelekea kitambulisho chako. Asiyejua, mwonyeshe makala haya kwenye simu yako.